Ruti za vifurushi Marekani: kabla hujaweka saini, jua hasara inakaa kwa nani

Matangazo ya ruti zinazouzwa, yaani nafasi ya kusambaza vifurushi vya kampuni kama FedEx katika eneo fulani kwa mkataba, yanafanana: ruti 10, magari 11, mapato dola 1,480,000 kwa mwaka, faida dola 237,000, meneja yupo, mmiliki anapita kuangalia kazi saa chache tu kwa wiki. Bei dola 711,000. Kwa Mswahili aliyekaa Ohio, Texas au Kentucky, akaendesha gari la vifurushi miaka kadhaa na kuijua kazi ndani nje, tangazo la aina hiyo linavutia kuliko duka au mgahawa. Hakuna kuhangaika kutafuta wateja, hakuna kukopesha, na malipo yanaingia kila wiki.

Yote hayo ni kweli. Ambacho tangazo halisemi ni kwamba bei ya huduma inapangwa kwa sehemu kubwa na kampuni inayokupa kazi, idadi ya vifurushi inaletwa nayo, na gharama karibu zote zinabaki mezani kwako. Biashara nzima imo ndani ya ile nafasi ndogo iliyopo kati ya bei usiyoipanga na gharama usizoweza kuziepuka. Hesabu zilizomo humu ni za mfano, lakini zimepangwa kama hesabu halisi za ruti zinavyopangwa, na ukiweka tarakimu zako mwenyewe utaona zinakupeleka wapi.

Mkandarasi alitoka wapi

Mfumo huu wa kusambaza vifurushi kupitia wakandarasi, yaani kampuni ndogo zenye mkataba na kampuni kubwa, una historia, na historia hiyo inaeleza kwa nini hasara imekaa ilipokaa. Kampuni ya Roadway Package System ilianza mwaka 1985 kwa kutumia madereva wenye magari yao wenyewe, wakihesabiwa kuwa wamejiajiri. FedEx iliinunua mwaka 1998 na mwaka 2000 ikaipa jina la FedEx Ground. Madereva wakaanza kwenda mahakamani: wanavaa sare ya kampuni, wanapangiwa namna ya kufanya kazi, sasa wamejiajiri vipi? Agosti 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho upande wa magharibi ilisema madereva wa California na Oregon walikuwa waajiriwa. Mwaka 2015 FedEx ilikubali kulipa dola milioni 228 kwa madereva wa California, na mwaka 2016 ikakubali dola milioni 240 nyingine kwa madereva wa majimbo 20.

Kampuni ikabadilisha muundo. Dereva mmoja mwenye gari moja hakutakiwa tena. Kufikia mwaka 2020 kila mwenye mkataba alipaswa kuwa na kampuni iliyosajiliwa, yenye ruti kadhaa, na madereva wake wote wawe waajiriwa wake: anawakata kodi, anawakatia bima, anawalipa saa za ziada. Kwa maneno mengine, mzigo wa kuwa mwajiri, ambao FedEx ilikuwa inabishaniwa nao mahakamani, sasa unabebwa na mkandarasi. Ukinunua ruti, mzigo huo ndio unaoununua kwanza, magari yanafuata.

Amazon ilianzisha mpango wake wa wakandarasi mwaka 2018 ikitangaza kwamba mtu anaweza kuanza na dola 10,000 tu. Huko hununui ruti kwa mtu. Unachaguliwa, unakodi magari yenye nembo yao, na idadi ya ruti unazopewa inaweza kupanda au kushuka kulingana na mahitaji yao na alama za utendaji wako za kila wiki. Mtaji wa kuingia ni mdogo, lakini siku ukitoka hakuna kitu cha maana cha kuuza. Kwa FedEx ni kinyume: unaingia kwa mtaji mkubwa ukitumaini kuuza baadaye. Makala haya yanaelemea upande wa FedEx, kwa sababu huko ndiko watu wanakoweka rehani nyumba zao.

Aliyezoea daladala au matatu aangalie tofauti moja. Kule dereva anamletea tajiri hesabu ya siku, na siku ikiwa mbaya anayeumia kwanza ni dereva. Huku dereva analipwa kwanza, kwa sheria, hata kama gari limerudi nusu tupu.

Malipo yanavyoingia

Kila wiki mkandarasi anapata taarifa ya malipo. Kwa kawaida ina kiasi kisichobadilika cha wiki, malipo kwa kila kituo alichofikia (yaani kila mahali gari linaposimama kukabidhi vifurushi), malipo kwa kila kifurushi, nyongeza ya mafuta inayofuata bei ya pampu, na malipo ya ziada ya msimu kuanzia Novemba hadi Krismasi. Mnunuzi asiishie kwenye jumla ya chini. Atazame ni sehemu gani ya jumla hiyo haibadiliki na ni sehemu gani inategemea vituo, kwa sababu vituo hupungua na gharama zikabaki palepale.

Chukua ruti moja yenye vituo 130 kwa siku na mwendo wa maili 90. Kampuni inaamua kitongoji kimoja chenye nyumba zilizobanana kihamishiwe kwa mkandarasi mwingine. Vituo vinabaki 100, maili zinabaki 85. Kama kila kituo kilikuwa kinaleta dola 1.50, umepoteza dola 45 kwa siku. Kwa siku sita za wiki na wiki 52, hiyo ni dola 14,040 kwa ruti moja. Dereva ni yuleyule, mshahara uleule, mafuta karibu yaleyale. Ndiyo maana wazoefu wanauliza kwanza ruti ina vituo vingapi kwa maili moja, kisha ndipo wanauliza mapato. Ruti ya mjini inapata faida hata kwa bei ndogo ya kituo. Ruti ya mashambani inaweza kuwa na mapato mazuri kwenye karatasi huku magari yakichakaa kwa maili 200 kila siku.

Lipo pia jambo ambalo halionekani kwenye karatasi yoyote. Magari yanapakiwa alfajiri ndani ya bohari, na wanaopakia ni wafanyakazi wa kampuni, si wako. Lori kubwa likichelewa kutoka mkoa mwingine, upangaji unachelewa, madereva wako wanasimama pembeni saa nzima wakiwa wameshaanza kazi. Kifurushi kikiwekwa kwenye gari silo, ama dereva anakirudisha jioni na alama zako zinashuka, ama unamtuma mtu mwingine akifuate barabarani. Kosa limetokea bohari, saa unalipa wewe.

Ile faida ya tangazo, ukiikunjua

Turudi kwenye dola 237,000. Imepatikana hivi. Kwenye mapato ya dola 1,480,000 yametoka: mishahara ya madereva pamoja na saa za ziada na wasaidizi wa msimu, 630,000, kodi za mwajiri juu ya mishahara, 56,000, bima ya ajali kazini, 57,000, meneja, 70,000, mafuta, 160,000, matengenezo na matairi, 120,000, bima ya magari, 85,000, magari ya kukodi msimu wa Novemba na Desemba, 25,000, simu, sare, mhasibu na mengineyo, 40,000. Jumla 1,243,000.

Bei ya ruti kwa kawaida hutajwa kama faida ya mwaka mara kadhaa, na mara tatu ni hesabu inayosikika sana. Ndiyo hiyo 711,000. Mnunuzi anatoa asilimia 10 mfukoni, anakopa takriban dola 640,000 kwa mkopo unaodhaminiwa na shirika la serikali la biashara ndogo, SBA, kwa miaka 10. Kwa riba ya asilimia 10.5, rejesho ni kama dola 8,640 kwa mwezi, yaani karibu 103,600 kwa mwaka. Kwenye 237,000 zinabaki 133,400.

Hapo wengi wanatulia. Wasitulie, kwa sababu faida ile haikuhesabu kuchakaa kwa magari. Magari 11 yakidumu miaka kumi au kumi na moja, lazima ununue moja jipya kila mwaka, na gari kubwa la vifurushi, lile la mlango wa kuvuta na bodi la alumini, tuliweke dola 85,000. Zinabaki 48,400. Huo ndio mshahara wako, kabla ya kodi ya mapato, kwa kazi ambayo simu yake inalia saa kumi alfajiri dereva anapopiga kusema hatakuja.

Sasa sogeza kitu kimoja tu. Ghala jipya limefunguliwa jirani na linalipa vizuri, madereva wanaanza kuondoka, unaongeza dola 15 kwa siku ili wabaki. Ruti 10 kwa siku sita na wiki 52 ni siku-ruti 3,120. Nyongeza ni dola 46,800, na ukiweka asilimia 7.65 ya kodi ya mwajiri inafika kama 50,400. Umekwisha. Kwa kawaida mkataba hauna kifungu cha kupandisha bei kwa sababu tu soko la madereva limepanda. Unasubiri majadiliano ya mkataba ujao.

Riba nayo inacheza. Mikopo mingi ya SBA inafuata riba ya msingi ya benki, ambayo ilikuwa asilimia 3.25 mwanzoni mwa 2022 na kufika 8.5 Julai 2023. Mkopo wa dola 640,000 unaoanza kwa asilimia 6 una rejesho la kama 7,100 kwa mwezi. Kwa asilimia 11.25 rejesho ni kama 8,900. Kipindi hichohicho, Juni 2022, petroli ilipita wastani wa dola 5 kwa galoni nchi nzima. Nyongeza ya mafuta ilipanda pia, lakini nyongeza hiyo inafuata fomula ya kampuni, haifuati risiti zako. Ruti yenye maili nyingi na vituo vichache ndiyo inayobaki na pengo.

Kosa la mshahara wa siku

Kama kuna eneo moja linaloweza kuizamisha kampuni ndogo bila dalili yoyote, ni hili. Wakandarasi wengi wanapenda kumlipa dereva kwa siku: dola 170, ukimaliza mapema nenda nyumbani. Kulipa kwa siku si haramu. Haramu ni kudhani kwamba malipo ya siku yanafuta saa za ziada.

Sheria ya shirikisho inataka mwajiriwa alipwe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 kwa wiki. Upo msamaha kwa madereva wa magari ya mizigo yanayosimamiwa na idara ya uchukuzi, na wenye ruti wengi wameusikia. Wasichosikia ni kwamba tangu 2008 msamaha huo hauwagusi madereva wa magari ambayo uzito wake wa juu, gari pamoja na mzigo, ni pauni 10,000 au chini yake, kama kilo 4,536. Magari mengi aina ya Ford Transit na Ram ProMaster yako chini ya kiwango hicho. Magari makubwa ya bodi la alumini yako juu. Dereva akiendesha gari kubwa Jumatatu hadi Alhamisi, kisha Ijumaa ukampa gari dogo kwa sababu la kwake liko gereji, kwa msimamo wa wizara ya kazi wiki nzima anastahili saa za ziada.

Angalia hesabu yake. Dereva amefanya siku sita, saa tisa kila siku: saa 54. Amelipwa 170 mara sita, dola 1,020. Kiwango chake cha kawaida ni 1,020 gawanya kwa 54, yaani dola 18.89 kwa saa. Saa 14 za ziada tayari zimelipwa mara moja ndani ya ile 1,020, kwa hiyo anadai nusu tu: 9.44 mara 14, dola 132 na senti kidogo kwa wiki. Kiasi kidogo. Kwa mwaka ni kama dola 6,875. Kwa madereva 10 ni 68,750. Wakishtaki, sheria inaruhusu fidia ya kiasi kilekile juu yake, kwa hiyo 137,500 kwa kila mwaka, na wanaweza kurudi nyuma miaka miwili, au mitatu ikionekana ulifanya kwa makusudi. Weka na ada ya wakili wao, unailipa wewe. Majimbo mengine, California mojawapo, yana sheria kali zaidi ya hiyo.

Kinga yake ni ya kawaida kabisa: andika saa za kuanza na kumaliza kwa kila dereva, kila siku, hata yule wa malipo ya siku, weka orodha ya uzito wa kila gari ukutani kwa anayepanga zamu, lipa ile nusu kila wiki. Kwenye mfano wetu imeshaingizwa ndani ya zile 630,000. Kwa muuzaji ambaye hakuwa akiilipa, faida aliyoitangaza ni ya uongo kwa dola 68,750, na ukizidisha mara tatu, bei yake imepanda kwa zaidi ya dola 206,000 zisizokuwepo.

Magari na bima

Gari la vifurushi linasimama mara 130 kwa siku na kuondoka mara 130. Maili kwenye dashibodi ni chache, lakini injini imenguruma saa nane au tisa. Mwenye gari anayebadilisha oili kwa kufuata maili peke yake anajikuta na injini iliyokufa kwenye maili 120,000 bila kuelewa kwa nini. Fuata saa za injini. Vinavyoisha kwanza ni breki za mbele na diski zake, betri na alteneta, stata, kisha giaboksi. Kebo na chemchemi za mlango wa nyuma wa kukunja hukatika, na gari lisilofunga mlango haliruhusiwi kutoka. Uwe na gari moja la akiba kwa kila kumi. Asiyekuwa nalo anakodi, na siku chache za kukodi pamoja na maili zake zinaweza kuzidi bei ya breki zenyewe.

Gari linalozidi pauni 10,000 lina sheria zake: ukaguzi wa kila mwaka, faili la kila dereva lenye cheti cha afya, saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14 za kazi, na saa 60 kwa siku saba. Desemba ndiyo mwezi wa kuvunja saa 60 bila kukusudia. Dereva wa siku ya saba anapaswa kuwa ameshaajiriwa na kufundishwa kufikia Oktoba.

Bima ya ajali kazini hupangwa kwa kila dola 100 za mishahara. Kwa dola 9 kwa mia, mishahara 630,000 inaleta kama 57,000. Halafu bei hiyo inazidishwa kwa kipimo cha historia yako ya ajali, kinachoanzia 1.0. Dereva mmoja akiteleza kwenye barafu akavunja mguu, mwingine akaumwa na mbwa, mwingine akapata mgongo kwa kunyanyua kifurushi cha pauni 120 peke yake, kipimo kinaweza kufika 1.4. Bima inakuwa 79,800. Na ajali haitoki kwenye kipimo mwakani. Inakaa miaka mitatu ya hesabu. Mnunuzi anaweza kurithi kipimo cha muuzaji kama kampuni au shughuli imehamishwa nzima, kwa hiyo omba karatasi ya kipimo hicho kabla ya kujadili bei.

Mkataba ndio mali

Unaponunua ruti za FedEx huwi mmiliki wa mitaa. Unanunua magari, madereva kama watakubali kubaki, na nafasi chini ya mkataba ambao kwa kawaida ni wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mkopo wako ni wa miaka 10. Pengo hilo kati ya muda wa mkataba na muda wa deni ndiyo hatari kubwa kuliko zote, na haipo kwenye tangazo lolote tulilowahi kusoma.

Kutohuishwa kwa mkataba hakuhitaji ugomvi. Tangu 1 Juni 2024 FedEx imeunganisha Ground na Express kuwa kampuni moja, na imekuwa ikiunganisha mitandao ya kusambaza mji baada ya mji ili magari mawili ya FedEx yasipite mtaa mmoja. Kila bohari linapounganishwa, mipaka inachorwa upya: kuna anayeongezewa eneo na vifurushi vya haraka vyenye masharti ya saa, na kuna anayebaki bila kitu. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe: bohari hili limeshaunganishwa, au bado? Mtu anayeuza miezi michache kabla ya tarehe ya kuunganishwa ana sababu.

Nguvu ya kujadiliana nayo ina kikomo. Katikati ya 2022, gharama zilipopanda, Spencer Patton, mkandarasi mwenye ruti zaidi ya 200 katika majimbo 10, aliwakusanya wenzake kudai bei mpya na akasema asipopata nafuu angesimamisha kazi baada ya sikukuu ya Thanksgiving. Agosti mwaka huo FedEx ilisitisha mikataba yake na kumshtaki. Mwenye ruti 10 apime mwenyewe sauti yake ni kubwa kiasi gani.

Upande wa Amazon kuna tukio la Palmdale, California. Aprili 2023 madereva 84 wa mkandarasi mmoja walijiunga na chama cha wafanyakazi cha Teamsters na mwajiri wao akakitambua. Amazon ikasema mkataba na mkandarasi huyo ulikuwa umeshasitishwa. Mwaka 2024 ofisi ya kanda ya bodi ya mahusiano kazini, NLRB, iliona kuna msingi wa kuihesabu Amazon mwajiri mwenza. Kwa mkandarasi funzo la kibiashara ni la moja kwa moja: madereva wanakudai wewe nyongeza, na wewe huna bei ya kuipandisha.

Madereva wenyewe

Wenye ruti Waswahili mara nyingi huajiri jamaa na watu wa nyumbani, jambo linalosaidia sana msimu ukibana. Lakini kanuni mbili zimekazwa hivi karibuni. Tangu 25 Juni 2025, dereva wa gari linalosimamiwa na sheria za shirikisho, hata hili la pauni 10,001 lisilohitaji leseni kubwa, akisimamishwa barabarani na kushindwa kujieleza kwa Kiingereza anaweza kuondolewa kwenye usukani papo hapo. Gari linabaki kando ya barabara na vifurushi ndani. Pili, kibali cha kazi kilichoombwa upya kuanzia 30 Oktoba 2025 kwa ujumla hakijirefushi chenyewe wakati maombi yakisubiri. Weka kalenda ya tarehe za vibali, na mwambie dereva aombe mapema iwezekanavyo, maana kibali kikiisha leo, kesho hawezi kupanda gari, awe hodari namna gani.

Makaratasi ya kudai kabla ya kutoa hata dola moja

Omba taarifa za malipo za wiki 52 zote, si za miezi mizuri. Zilinganishe na marejesho ya kodi ya kampuni kwa miaka mitatu. Muuzaji atie saini fomu 4506-C, benki iipeleke IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, ili marejesho yake yathibitishwe huko, usitegemee nakala ya muuzaji. Omba daftari la mishahara linaloonyesha saa na siku za kila dereva, orodha ya magari yenye namba za chasisi, maili na saa za injini, historia ya madai ya bima kwa miaka mitano, na mkataba wenyewe wenye tarehe ya kuisha.

Kisha tafuta kazi ya bure. Wauzaji wengi wanaongeza faida kwa kuondoa gharama wanazoita za binafsi. Baadhi ni halali, kama gari la familia. Lakini kama mke ndiye anayepanga zamu bila mshahara, au mmiliki mwenyewe anaendesha ruti Jumamosi, hiyo ni gharama utakayoilipa wewe kwa mtu mwingine. Mshahara wa dereva mmoja uliofichwa hivyo, dola 50,000, umekuongezea 150,000 kwenye bei.

Zunguka na madereva angalau siku mbili, moja iwe Jumatatu. Hesabu vituo kwa kidole. Waulize wamekaa muda gani. Timu ambayo nusu yake ina chini ya miezi sita inatoa ajali na malalamiko. Peleka magari mawili yaliyochoka zaidi kwa fundi wako, usiyachague yaliyooshwa. Nunua mali, usinunue hisa za kampuni ya muuzaji, kama kampuni inayotoa mkataba inaruhusu. Ukinunua hisa, madai ya mishahara ya miaka miwili iliyopita yanakuja nawe. Hata kwa kununua mali, kuna majimbo yanayoruhusu madai ya mishahara kumfuata mnunuzi, hivyo wakili aandike kifungu cha muuzaji kubeba ya zamani na sehemu ya pesa ishikiliwe.

Sehemu ya bei iache kama deni kwa muuzaji. SBA haikubali bei inayopanda baadaye kwa kutegemea mapato, lakini inakubali muuzaji akukopeshe sehemu ya bei yake. Muuzaji mwenye imani na ruti zake atakubali asilimia 10 au 15 alipwe baada ya mkataba kuhuishwa. Anayetaka pesa yote siku ya kwanza amekujulisha kitu.

Na piga hesabu ya kutoka kabla ya kuingia. Baada ya miaka mitatu ya kulipa 8,640 kila mwezi, lile deni la 640,000 bado ni kama 512,000. Mkataba usipohuishwa mwezi huo, kilichobaki ni magari. Magari 11 yaliyotumika, tuseme dola 15,000 kila moja mnadani, ni 165,000. Zinakosekana dola 347,000. Kampuni yako ya dhima yenye kikomo (LLC) haikukingi hapo, kwa sababu SBA inataka kila mwenye asilimia 20 au zaidi ya umiliki atie saini ya dhamana binafsi, na benki mara nyingi imeandikisha rehani kwenye nyumba. Mwambie mshirika wako wa maisha tarakimu hiyo, 347,000, kabla hamjaenda benki.